Kiyoyozi cha karavani kinapoza jikoni tu, chumba cha mama kinabaki na joto: naomba ushauri

Mwalimu wa Kibada (mleta mada)

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba ushauri kwa jambo ambalo limenishinda kwa wiki tatu sasa, na nitajitahidi kulieleza lote ili mtakaonisaidia msilazimike kubahatisha.

Ninajenga Kibada, Kigamboni. Ili niondokane na kodi ya nyumba niliyokuwa nimepanga Temeke, nilinunua karavani iliyotumika, yaani lile tela la kuishi lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa inamaliza mkataba wa kazi hapa nchini. Imetengenezwa Marekani, ina urefu wa mita 8 hivi, na imesimama ndani ya kiwanja kando ya msingi wa nyumba. Tunaishi humo watatu: mimi, mke wangu, na mama yangu mzazi mwenye miaka 74, ambaye tumempa chumba cha nyuma kwa kuwa kina kitanda kizuri na kiko karibu na choo.

Juu ya paa kuna kiyoyozi kimoja cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Hewa yake haimwagiki mahali pamoja, bali hupita kwenye njia zilizofichwa ndani ya dari na kutokea kwenye matundu sita ya duara: matatu yako sebuleni na jikoni, moja liko kwenye ujia mbele ya choo, na mawili yako chumbani kwa mama. Jikoni kuna baridi ya kutafuta sweta. Chumbani kwa mama hewa inatoka kwa unyonge, kiasi kwamba ukiweka kiganja chini ya tundu unaihisi kama pumzi ya mtoto aliyelala. Juzi saa nane usiku nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, chandarua kimefunuliwa, anajipepea kwa pepeo la ukili. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilichokwisha kufanya ni kufunga kabisa matundu matatu ya jikoni, nikiamini kwamba hewa ikikosa pa kutokea mbele italazimika kwenda nyuma. Siku ya kwanza nilidhani nimepatia. Siku ya pili hewa ilizidi kudhoofika kila mahali, na ilipofika usiku maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye kile kisanduku cha dari kilicho chini ya kiyoyozi, tukalazimika kuweka beseni. Fundi niliyemwita aliangalia kwa dakika kumi akasema gesi imepungua, na ameahidi kurudi Jumamosi na mtungi.

Kuhusu umeme, nautoa kwenye mita iliyo kwenye stoo ya saruji kwa ekstensheni ya mita 60, kisha unaingia kwenye transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 110, kwa sababu vifaa vyote vya karavani hii ni vya Kimarekani.

Je, nimruhusu fundi aongeze gesi? Au kiyoyozi hiki ni kidogo na ninapaswa kununua cha pili?

Baba Wawili

Pole sana, Mwalimu, na umpe mama shikamoo yangu. Kwa maoni yangu usijisumbue na mambo ya dari. Nunua split ndogo ya BTU 9,000, yaani kiyoyozi cha sehemu mbili, moja ndani na nyingine nje, ifunge kwenye ukuta wa chumba cha mama, na kile cha paa kibaki kuhudumia mbele. Ndivyo nilivyofanya kwenye kontena la ofisi yangu, na sijajuta.

Fundi Ubaridi

Mwalimu, kabla sijasema lolote jingine, mpigie fundi huyo simu usitishe kazi ya Jumamosi. Viyoyozi vingi vya paa vya karavani hizi hujazwa gesi kiwandani na kulehemiwa, na havina vali za kuongezea gesi kama zile tulizozoea kwenye split za majumbani. Ili kuongeza gesi ni lazima bomba litobolewe na kuwekwa vali, na mara nyingi hapo ndipo mfumo uliokuwa mzima unapoanza kuvuja. Tena gesi ikipungua, hata jikoni kungekosa baridi. Wewe umesema jikoni mnatafuta sweta. Hii inanionyesha kwamba mashine inapoza, lakini hewa haifiki.

Sikubaliani na Baba Wawili, ingawa ushauri wake ni wa nia njema. Kuta za karavani ni karatasi ya alumini au ya plastiki ngumu juu ya mbao nyembamba na povu, na kuning'iniza mashine ya kilo 8 au 10 ndani, na nyingine nzito zaidi nje, kunahitaji kuimarishwa kwa fremu. Kontena ni chuma, hiyo ni habari nyingine. Tuimalize kwanza njia ya hewa iliyopo ndipo tuzungumzie kununua.

Naomba unijibu mambo manne. Chujio liko katika hali gani? Mlango wa chumba cha mama hufungwa usiku? Fungua matundu yote sita, washa kiyoyozi kwa nusu saa, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayonyonywa kwenye kisanduku cha dari na hewa inayotoka kwenye kila tundu. Mwisho, washa udi, upite nao polepole chini ya kila tundu na kuzunguka kingo zote za kile kisanduku, uangalie moshi unakwenda wapi. Moshi wa udi ni mwepesi na unaonekana vizuri, kwa kazi hii sijaona kifaa kinachoushinda.

Mwalimu wa Kibada

Fundi, nashukuru sana. Nimefanya yote uliyoniagiza, na nakiri kwamba nimeona aibu.

Chujio nililifungua nikakuta limevaa vumbi la saruji mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi la kijivu. Nilipolikunja kidogo, vumbi lilimeguka kwa vipande, halikupukutika. Mafundi ujenzi wanachanganya zege umbali wa hatua kumi kutoka mlangoni, na sikuwahi kufikiri kwamba vumbi lile linaishia humo. Nimeliosha kwa maji na sabuni, nikalianika likauka kabisa kabla ya kulirudisha.

Mlango ndiyo, mama hufunga kila usiku. Hawezi kulala mlango ukiwa wazi, na kwa umri wake sitaki kumbishia.

Vipimo nilivyopata baada ya kuosha chujio ni hivi: hewa inayonyonywa ilikuwa nyuzi 29, matundu ya jikoni 18, tundu la ujia 20, na matundu ya chumbani 24, mlango ukiwa umefungwa.

Udi ulinionyesha jambo ambalo nisingeliamini kwa kusimuliwa. Chini ya matundu ya jikoni moshi ulisukumwa hadi sakafuni. Chumbani kwa mama uliyumba tu, kisha ukaendelea kupanda. Lakini nilipousogeza kwenye ukingo wa kisanduku, mahali plastiki inapokutana na dari na ambapo hapana tundu lolote, moshi uliinama kama uzi unaovutwa na ukaingia kwenye ufa usiozidi unene wa shilingi. Nilirudia mara tatu kwa kutoamini.

Fundi Ubaridi

Hongera, umeupata ugonjwa kwa macho yako. Sasa nieleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa utafanya kazi hii kwa uhakika kuliko fundi yeyote utakayemlipa.

Anza na namba zako. Tofauti kati ya hewa inayonyonywa na hewa inayotoka kwenye tundu la karibu ni nyuzi 11. Kiyoyozi cha aina hii kilicho kizima huleta tofauti ya nyuzi 9 hadi 12, kwa hiyo gesi ipo na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi hiyo, inafanya kazi yake. Ila hewa hiyo hiyo iliyotoka nyuzi 18 jikoni inafika kwa mama ikiwa nyuzi 24. Zile nyuzi 6 zimepotea njiani, juu ya vichwa vyenu, ndani ya dari.

Chini ya kiyoyozi kuna uwazi wa mraba kwenye paa, wenye upana wa sentimita 35 na nusu kila upande. Uwazi huo umegawanywa pande mbili na kizuizi chembamba: upande mmoja feni inasukuma hewa baridi kwenda kwenye njia za dari, na upande wa pili inanyonya hewa ya chumba kuirudisha kwenye koili, yaani mabomba ya baridi yanayoipoza hewa. Kiwandani kizuizi hicho huwekwa kwa haraka, mara nyingi kwa kipande cha povu na utepe kidogo, na baada ya miaka ya kutikisika barabarani na kuchomwa na jua, utepe huachia. Hapo hewa baridi iliyotoka tu kwenye koili hupenya ufa na kunyonywa tena kabla haijaona chumba chochote. Sehemu nyingine humwagika ndani ya dari kati ya mbao. Na kwa kuwa upande wa kunyonya nao haujazibwa, unavuta hewa ya moto ya ndani ya paa, ndiyo maana moshi wa udi uliingia kwenye ufa.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Zima umeme kwenye breka, usitegemee swichi ya kiyoyozi peke yake. Fungua skrubu za mfuniko wa kisanduku, umulike kwa tochi. Utaona mbao zilizokatwa, nyuzi za fremu, labda hata makombo ya povu. Kila mahali unapoona mbao au giza badala ya ukuta laini, hapo hewa inapotea. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, subiri pakauke, kisha ziba kwa tepu ya alumini, ile nzito inayotumiwa na mafundi AC. Tepu ya kitambaa au ya kahawia ya maboksi itaachia ndani ya mwezi mmoja kwa joto letu hili. Ukishaibandika, isugue kwa mgongo wa kijiko mpaka mikunjo yote ilale. Usiharakishe kwenye kile kizuizi cha katikati, zunguka kingo zake zote nne, kwa sababu ufa wa kidole kimoja pale unakula hewa nyingi kuliko tundu zima la chumbani.

Baada ya hapo shusha matundu yote sita, moja baada ya jingine. Mara nyingi utakuta tundu la kwenye dari halikukatwa sawasawa na njia ya hewa iliyo juu yake, limeingia sentimita mbili pembeni, na hewa inamwagika juu ya dari badala ya kushuka. Zungushia tepu kutoka kwenye njia hadi kwenye ukingo wa dari. Ukifika kwa mama, ingiza mkono ndani ya tundu la mwisho uelekee nyuma: kama njia inaendelea kupita tundu hilo, iwe nusu mita au mita nzima, basi hewa inakwenda kuzunguka huko bure. Jaza sehemu hiyo kwa kipande cha sponji kilichofunikwa na tepu.

Sasa mlango. Chukua chupa tupu ya soda, ujaribu kupuliza hewa ndani yake kwa mdomo ulioziba kinywa chake. Pumzi ya kwanza inaingia kidogo, kisha inagoma, kwa sababu hewa iliyomo haina pa kutokea. Chumba cha mama kikifungwa ndiyo chupa hiyo. Mashine inanyonya kutoka mbele, inasukuma nyuma, na hewa haiwezi kurudi. Matundu yake mawili, kama yana kipenyo cha sentimita 10, yana eneo la sentimita za mraba 157 kwa jumla. Mlango wa sentimita 60 ukikatwa chini uache nafasi ya sentimita 2 na nusu, unapata 150, karibu sawa. Mwite seremala aukate kwa sentimita 3, mama aendelee kufunga mlango wake kama alivyozoea na hewa ipite miguuni.

Na kuhusu kufunga matundu ya jikoni: usirudie. Feni inapokosa pa kusukuma, hewa kidogo sana hupita juu ya koili, koili inashuka chini ya nyuzi sifuri, na unyevu wa hewa yetu ya pwani unaganda juu yake. Barafu ikishika, hewa hupungua zaidi, na barafu huongezeka. Chujio lako lilikuwa limekwisha kuziba, ukaongeza na matundu matatu, kwa hiyo yale maji ya kwenye beseni kwa sehemu kubwa yalikuwa barafu iliyoyeyuka. Ikitokea tena, zima baridi uache feni peke yake kwa saa moja. Ukishaziba kila kitu, unaweza kupunguza matundu ya jikoni kidogo kidogo, robo kwa robo, ukipima chumbani kila mara, ila yote kwa pamoja yasifungwe kupita theluthi moja ya uwazi wao.

Msafiri wa Kusi

Fundi amesema vizuri, nami naongeza jambo moja kuhusu maji, kwa sababu nimevuta karavani kwa miaka kadhaa katika safari za mbugani na limenipata mwenyewe.

Maji ya kiyoyozi cha paa hayana bomba la kuyashusha kama split. Yanakusanyika kwenye sinia chini ya koili, yanatoka kwenye vijitundu, yanatiririka juu ya paa na kushuka ubavuni. Hii inawezekana tu kama karavani imekaa sawa. Ardhi ya Kibada ni kichanga, na jeki zikisimama bila mbao pana chini yake huzama upande mmoja mvua ikinyesha. Weka pimamaji ya mwashi sakafuni, kwa urefu na kwa upana, kabla hujapanda juu.

Wakati mfuniko uko wazi, zitazame pia zile bolti nne ndefu zinazokibana kiyoyozi kwenye paa. Kati ya kiyoyozi na paa kuna gasketi nene ya sponji, na bolti zikilegea maji ya mvua hupita hapo. Kaza kwa zamu, pembe kwa pembe, mpaka gasketi ibonyee karibu nusu ya unene wake, kisha uache. Ukiminya hadi mwisho gasketi inakufa na paa linabonyea kuwa kidimbwi.

Umeme Salama

Ndugu zangu wamezungumza hewa, mimi nitazungumza umeme, lakini mtaona kwamba tunazungumza jambo lile lile.

Transfoma inabadili volti, haibadili hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60 na wetu ni wa hezi 50. Mota ya feni iliyoundwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 inapunguza mwendo kwa takriban sehemu moja ya sita. Maana yake, Mwalimu, ni kwamba hata kila kitu kikiwa kimezibwa vizuri, feni yako haitasukuma hewa kama ilivyokuwa ikisukuma ilikotoka. Wenzako wa Marekani wanaweza kufunga matundu mawili na wasione tofauti. Wewe huna akiba hiyo, ndiyo maana barafu ilikuwahi.

Usivutiwe na wazo la kununua transfoma ya volti 120 ili kuongeza nguvu. Mota ya volti 120 na hezi 60, ikiwa kwenye hezi 50, inatosheka na volti zipatazo 100. Ukiipandishia, chuma chake kinachemka na nyaya zake zinazeeka mapema. Transfoma uliyonayo inafaa, mradi iwe na uwezo wa kVA 3 au zaidi, na ikae mahali penye hewa.

Kinachonitisha ni ile ekstensheni. Nyingi zinazouzwa madukani ni za waya wa milimita za mraba 1.5. Kwa mita 60, kwenda na kurudi ni mita 120, na ukinzani wake ni karibu omu 1.5. Kiyoyozi kikiwa kinaendelea kufanya kazi unapoteza volti 11 hivi, hilo linavumilika. Kompresa inapoanza, inavuta mkondo mara kadhaa zaidi kwa muda mfupi, na hapo unaweza kupoteza volti 50 au zaidi. Kompresa inajikongoja, inashindwa, inajizima kwa kinga yake, inasubiri, inajaribu tena. Weka waya wa milimita za mraba 4. Na kama ekstensheni yako imeviringwa kwenye gurudumu lake, ikunjue yote leo hii kabla hujalala, kwa sababu waya ulioviringwa hauwezi kutoa joto lake na nimeona ulioyeyuka.

Hakikisha pia bodi ya karavani imeunganishwa na waya wa ardhi. Karavani imesimama juu ya matairi ya mpira, na kichanga kikavu hakipitishi umeme vizuri, kwa hiyo nguzo ya ardhi izamishwe mpaka kwenye udongo wenye unyevu na fundi umeme mwenye leseni aipime. Hili lisingoje mwisho wa mwezi.

Dada wa Bunju

Mwalimu, nakuhurumia, maana nimeishi kwenye nyumba ya mbao iliyoezekwa kwa karatasi za alumini na najua jua la hapa linavyofanya. Sisi tuko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linasimama karibu wima juu ya vichwa vyetu. Paa la karavani ni jembamba na njia za hewa zimepita humo humo, kwa hiyo baridi ya mama inapashwa moto hata pasipo ufa wowote.

Jenga banda la makuti juu yake. Nguzo za mikaratusi, makuti ya tabaka nene, bila kuta. Acha mita moja au zaidi kati ya kiyoyozi na makuti, kwa sababu mashine ile inatupa joto lake hapo juu na ikizibwa italivuta tena. Banda refu kuelekea kaskazini mashariki litasaidia upepo wa kaskazi upite chini yake na kuondoa joto hilo. Chini ya makuti pasipikwe wala pasiwashwe jenereta, tafadhali.

Halafu mapishi. Maharage yanayochemka saa mbili ndani ya karavani yanajaza hewa mvuke, na kiyoyozi kinatumia nguvu zake kukausha mvuke huo badala ya kumpoza mama. Hamishieni jiko nje, kwenye banda dogo la pekee.

Baba Wawili

Nimesoma yote na nimejifunza. Kontena langu halina njia za dari, kwa hiyo nilishauri kwa uzoefu wa jambo jingine. Swali langu kwa Fundi: baada ya kuziba, kama bado haitoshi, kipi kifuate?

Fundi Ubaridi

Kaka, kikifuata kitu, kiwe ni kubadili mashine iliyopo, si kuongeza ya pili. Vipo viyoyozi vya paa vya volti 230 na hezi 50, vinavyotengenezwa kwa ajili ya karavani za Afrika Kusini, Australia na Ulaya. Ukipata kimoja, transfoma haihitajiki kwa kiyoyozi na feni inazunguka kwa mwendo wake halali. Ila Mwalimu apime uwazi wa paa kwanza, kwa sababu si vyote vinavyoingia kwenye sentimita 35 na nusu, na apime pia kama sehemu ya chini inakubali njia za dari, maana vingi vinamwaga hewa pale pale vilipo.

Mwalimu wa Kibada

Wanajamvi, nimerudi kuripoti, kama ilivyo haki yenu.

Fundi wa gesi nilimpigia simu na kazi ikasitishwa. Jumamosi nilifungua kisanduku mimi na mpwa wangu. Kile kizuizi cha katikati kilikuwa kimesimama kwa utepe wa upande mmoja tu, na upande wa pili ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha vidole vyangu vitatu. Upande wa hewa baridi, mbao za dari zilikuwa na alama nyeusi za ukungu pale unyevu ulipokuwa ukigandia mwaka hadi mwaka. Tumezisugua kwa brashi kavu na kuzifuta kwa spiriti kabla ya kubandika. Tumemaliza mizunguko miwili ya tepu. Tundu la pili la chumbani lilikuwa limekatwa pembeni kama Fundi alivyosema, na njia yake iliendelea nyuma kwa urefu wa mkono wangu mzima, nikaijaza sponji ya godoro bovu.

Pimamaji ilionyesha kwamba karavani imeinama kuelekea upande wa kulia, ule ule wa beseni. Jeki ya nyuma ilikuwa imezama nusu ya kiatu chake. Tumeweka mbao za mninga zilizobaki kwenye fremu za milango chini ya jeki zote nne. Bolti mbili zilikuwa zimelegea. Seremala amekata mlango sentimita 3, na ekstensheni nimeikunjua yote, imelala chini ya kivuli cha ukuta wa msingi.

Vipimo vya jana saa nne usiku, mlango wa mama ukiwa umefungwa: hewa inayonyonywa 27, jikoni 17, ujia 18, chumbani 19. Kipimajoto nilichokitundika kando ya chandarua kilisoma 26, mahali ambapo wiki iliyopita saa kama hiyo kilisoma 31. Udi sasa unasukumwa chini hata kwa mama. Asubuhi mama aliniita akaniagiza nizungushe matundu yake yaelekee kabatini, kwa sababu hewa ilikuwa inampiga magotini usiku kucha, na nimeyazungusha.

Waya wa milimita 4 nitaununua nikipokea mshahara, lakini fundi umeme anakuja kesho kwa ajili ya nguzo ya ardhi. Dada wa Bunju, kwa urefu wa mita 8 nimehesabu kwamba nahitaji nguzo kumi. Je, makuti yawekwe kabla ya masika, au nisubiri mvua zipite ili nguzo zisiyumbe kwenye kichanga hiki?

Dada wa Bunju

Weka kabla ya masika, Mwalimu. Chimba futi tatu, mwaga zege kidogo kwenye kila shimo kwa kuwa mafundi wako wapo hapo hapo, uziache nguzo siku saba kabla ya kupandisha makuti. Na wachanganyie zege hiyo upande wa mbali, lile chujio lisijae tena.